Saa ya Reli Katika Msitu wa Sanje

Pini inayoshika mkanda wa saa ya mkono ni kachuma kembamba, kafupi kuliko njiti ya kiberiti, na ndani yake kuna springi. Ukiibana, ncha zake zinazama; ukiiachia zinachomoza na kukaa kwenye vitundu viwili vilivyotobolewa kwenye masikio ya saa. Ziko mbili, moja juu na moja chini, na ndizo zinazobeba kila kitu. Jasho likiingia miaka nenda miaka rudi, springi inaliwa na kutu kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na siku moja ncha inagoma kuchomoza. Saa inaweza kukaa mkononi hivyo hata miezi, imeshikiliwa na bahati tu. Yote haya alinieleza fundi mmoja wa Kariakoo, lenzi ikiwa jichoni na saa ya marehemu baba yangu ikiwa mbele yake, wakati mimi nimeshatafuta, nimeshalia, nimeshakata tamaa, na nimeshaipata.

Saa yenyewe ni Seiko 5 ya chuma kitupu, mkanda wa pingili, uso wa bluu iliyopauka ikaelekea kijivu. Upande wa kulia kuna kidirisha cha siku na tarehe; siku zimeandikwa kwa Kiingereza, herufi tatu tatu. Wajapani walianza kuziuza saa za jina hilo mwaka 1963, na kwa watu wa rika la baba ilikuwa saa ya mtu mwenye ajira yake: mwalimu, dereva wa lori, karani wa ushirika. Haina betri. Ndani mna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka kila mkono unapotikisika, na mzunguko huo ndio unaokaza springi kuu. Anayeivaa ndiye anayeijaza. Ukiivua ikiwa imejaa ukaiweka mezani, itatembea kwa muda wa saa 40 hivi, ikizidi inazidi kidogo, kisha itasimama. Hilo la saa 40 lisiwatoke, tutalihitaji mbele.

Baba alikuwa mtu wa TAZARA. Aliingia akiwa kibarua wakati reli inajengwa, kati ya 1970 na 1975, kijana ambaye hata ndevu hazijaota, akichimba mitaro bega kwa bega na Wachina. Reli ilipokabidhiwa rasmi Julai 1976 alibaki kazini, akapanda taratibu mpaka akawa mtu wa stesheni: Mang'ula, Ifakara, Mlimba. Reli ile ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi kule Zambia, na yeye maisha yake ya kazi karibu yote aliyamaliza kwenye kile kipande kinachopita chini ya milima ya Udzungwa. Mtu wa stesheni ilimpasa awe na saa. Njia ni moja, treni zinasubiriana stesheni zipishane, na hapo dakika si jambo la mzaha.

Aliinunua Zambia mwanzoni mwa miaka ya 80, kipindi ambacho madukani kwetu ukiuliza sabuni unaangaliwa kama mgeni, na watu wa reli ndio waliokuwa wakirudi na chochote kutoka ng'ambo ya mpaka. Bei hakuwahi kuitaja. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto na watu wakawa wanatupa mali vichakani na mitoni usiku kwa hofu ya kukutwa nayo, mama alimwomba aifukie ile saa nyuma ya nyumba mpaka hali itulie. Baba akakataa. "Mhujumu ni anayeficha. Mimi nimeivaa, kila mtu anaiona." Mama akisimulia kisa hiki humwigiza sauti, na hadi leo anashikilia kwamba yeye ndiye aliyekuwa na akili siku ile.

Baba alipofariki, kwenye kikao cha familia baada ya arobaini, mama aliitoa saa kwenye leso, akaiweka mbele yangu, akasema basi. Hakueleza sababu na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kaka yangu, kifungua mimba na mwanaume pekee nyumbani, alinyamaza. Lakini tangu siku hiyo akiwa na mimi hajapata kuniuliza saa ngapi. Anatoa simu mfukoni.

Mkono wangu ni mwembamba, kwa hiyo pingili kadhaa zilitolewa. Pini za ubavuni hakuna aliyezigusa.

Sasa, Sanje. Ukitoka Mikumi kuelekea Ifakara, ukavuka daraja la Ruaha Mkuu pale Kidatu, unaingia kwenye miwa. Miwa kushoto, miwa kulia, matrekta yenye matela marefu, na upande wa magharibi ukuta wa kijani unaopanda moja kwa moja kutoka tambarare bila kukupa vilima vya kujizoesha. Ndiyo Udzungwa hiyo. Mahali fulani kwenye ukuta ule kuna mstari mweupe, na ukiwa barabarani unaweza kudhani ni mwamba. Ni maji. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 kwa hatua tatu, na kijiji kilicho chini yake ndicho kinachoyapa jina. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukipita pale na baba kwenye lori za kuomba, naye kila mara alinyoosha mkono kutuonyesha, hata pale tulipokuwa tumeshayaona sana na tunataka tu kufika. Hakuwahi kutupandisha. Alikuwa mtu wa tambarare. Mlima kwake ulikuwa kitu cha kuangaliwa.

Kwa hiyo wenzangu tunaofanya nao mazoezi Dar walipopendekeza twende huko mwezi wa tisa, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulipa nauli. Na saa niliivaa makusudi.

Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1992, kilomita za mraba 1,990, na huingii bila mwongozaji. Wetu alikuwa mzee wa makamo wa hapohapo Sanje, mwembamba, mabuti ya mvua miguuni ijapokuwa ni kiangazi, panga kiunoni. Tulimwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba moja tu iliyotutosha wote, akatazama viatu vyetu kimoja kimoja. Kuna dada mmoja alirudishwa garini kubadilisha.

Pumziko la kwanza alitupa kisa ambacho nadhani humpa kila mgeni, na anakipenda. Mwaka 1979 watafiti wawili walikuwa msituni humo wakasikia mlio wa mnyama wasioutambua. Mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia huyo ni nani, kisha akawapeleka kijijini kuwaonyesha mtoto wa mnyama yuleyule, yatima, anafugwa na watu. Ndiye huyu ambaye sasa dunia nzima inamwita mangabei wa Sanje, aina ya kima, na hapatikani popote pengine isipokuwa kwenye misitu ya Udzungwa. Vitabuni maisha yake yanaanza 1979. Kijijini alikuwa amefungwa kamba uani kwa mtu.

Msitu huu una tabia hiyo. Kuna kwale mmoja ambaye wanasayansi walimjua mwaka 1991 baada ya kuona, ndani ya sufuria ya mboga, miguu ya ndege wasiyemfahamu. Walipofuatilia wakakuta ndugu zake wa karibu wako Asia. Na kipunji, yule kima ambaye habari zake zilitangazwa duniani 2005, watafiti walimfikia kwa kusikiliza wawindaji wa Rungwe kabla hajaonekana na huku Udzungwa. Kila mara anayejua alikuwepo, ila hakuwa ameulizwa. Mzee wetu hakulisema hilo. Alisimulia tu kisa cha mangabei, akakung'uta suruali, akasema twendeni jua linapanda.

Njia ya Sanje si ndefu lakini haina huruma. Udongo ni mwekundu, umefunikwa majani makavu yanayoteleza, na mahali penye mwinuko mkali mizizi imejitokeza ikawa ngazi. Juu yetu mbega wekundu walikuwa wakirukaruka na kutudondoshea maganda. Kinyesi cha tembo kilikuwa katikati ya njia, kimekauka juu, bado kibichi ndani. Mzee alikigusa kwa ncha ya panga, akasikiliza kidogo, akaendelea. Sehemu kubwa ya safari uso wako uko karibu na mgongo wa aliye mbele, unaweka mguu pale alipotoa wake, unashika alichoshika. Mti unaoshikwa na watu wengi unajulikana: gome limelainika na kung'aa kwenye kimo cha kifua, limekuwa laini kama kiwiko cha kiti cha zamani.

Tulipofika kwenye bwawa lililo chini ya poromoko watu walitupa mabegi na kuanza kuvua viatu. Maji yale ni baridi ya kukata pumzi, na ukungu wake unakulowanisha kabla hujaingia. Nikapeleka mkono wa kulia kuivua saa, kwa sababu umri wake na maji havipatani tena, nikashika ngozi.

Kwa muda nilibaki nimejishika kifundo cha mkono. Alama ya mkanda ilikuwepo, imechorwa vizuri kabisa, hata pingili zilikuwa zinahesabika.

Niliyoyafanya baada ya hapo sikuyapanga. Nilitikisa begi, nikageuza mifuko, nikarudi nyuma hatua chache nikainama, nikasimama. Wenzangu walipoelewa walitawanyika wakaanza kuparaza majani kwa fimbo na viatu. Mzee akapaza sauti, mara ya kwanza siku ile. "Acheni! Acheni hapo hapo. Mnaizika." Alikuwa sahihi, na mpaka leo nikifikiria idadi ya miguu iliyokuwa tayari kunisaidia napata baridi. Jani la msituni ukilichezea linajifunika lenyewe mara mbili. Kitu kilichokuwa juu kinakwenda chini, na hapo hata aliyekipoteza akikikanyaga hajui.

Ndipo binti mmoja wa kundi letu, mhasibu, akasema tuangalie picha. Simu zote zikakusanywa. Picha ina muda wake, na sisi watu wa siku hizi hatupandi hatua mia bila kujipiga. Saa 4:50 asubuhi nipo kwenye jiwe, nyuma yangu bonde lote la Kilombero, mkono wa kushoto kiunoni, saa inaonekana mpaka mng'ao wa kioo. Saa 5:35 nipo na wengine tukinywa maji, mikono juu, na kifundo changu ni kitupu. Katikati yake hakuna picha inayoonyesha mkono ule. Robo tatu ya saa ya mwendo wa kupanda, basi. Msitu wote wa Udzungwa ulikuwa umepungua ukawa kipande cha njia ambacho mtu mzima anakishuka kwa dakika ishirini.

Tulikishuka kwa zaidi ya saa moja, kwa mstari, kimya, macho chini. Sikuona kitu. Hakuna aliyeona. Kufikia mchana upande ule wa mlima unakuwa umeshaanza kuingia kivulini, kwa kuwa unatazama mashariki, na chini ya miti ile kila kitu kina rangi moja ya kahawia na kijivu. Kila kipande cha gome kilichochubuka kilikuwa saa. Kila tone la maji lilikuwa kioo. Nilikwishaanza kuona vitu ambavyo havipo.

Mzee hakutafuta sana. Lilinikera, sitaficha. Alisimama pembeni, ameegemea panga, akituangalia tukienda na kurudi, na mara moja moja aliniuliza swali. Fimbo nilishika mkono gani? Wa kulia. Begi nililivua wapi? Sikulivua. Nilianguka? Hapana, niliteleza mara moja lakini nilishika. Nilishika nini? Sikumbuki, mzee wangu, nilishika kilichokuwepo.

"Haya," akasema. "Inatosha kwa leo."

Jioni hairuhusiwi kubaki ndani, na tembo nao wana ratiba yao. Tulitoka. Pale kituoni alinitumia namba yake, nikamtumia ile picha ya kwenye jiwe. Akaikuza, akaitazama muda mrefu. Aliuliza kama ni ya mume. Nikamwambia ni ya baba, alikuwa reli, amewahi kukaa Mang'ula hapo. Akasema alipokuwa mtoto alikuwa akiuza ndizi kwa abiria pale stesheni. Nikamtajia jina la baba. Akafikiri kwa heshima kabisa, akatikisa kichwa. Hakumkumbuka. Nilitaka sana amkumbuke.

Jumapili tulirudi Dar. Kule kwenye hifadhi ya Mikumi, barabara inapokatiza, watu wa dirishani walipiga kelele kwa ajili ya twiga. Mimi nilikuwa najiandaa kwa mama. Nilimkuta sebuleni, nikamwambia nikiwa bado nimebeba begi. Alinyamaza. Halafu akasema, "Kaka yako utamwambia wewe mwenyewe," akainuka kwenda kuangalia wali.

Nilimpigia. Niliyatarajia mengi, hata yale ambayo ningestahili. Kaka aliuliza, "Kuna mtu gani kule?" Nikamweleza habari za yule mzee. "Ana akili?" Nikasema nadhani anayo. "Basi tulia."

Wiki iliyofuata ilipita bila habari. Nilijizuia nisimpigie mzee kila siku, na sikufanikiwa kila siku. Aliniambia tembo wamekaa kwenye njia ile na hakuna mgeni anayepandishwa. Baadaye akaniambia ana msiba. Nilianza kuzoea. Nilitafuta saa ya namna ile mitandaoni, nikazikuta tele, za bluu, za kijani, safi kuliko yangu, nikafunga simu.

Alipiga usiku, mimi nikiwa kwenye daladala. Kelele zilikuwa nyingi nikasikia neno moja tu, "imeningojea." Nilishuka kituo ambacho si changu.

Alivyoipata ndivyo hivi, na ninayaeleza kama alivyoyaeleza kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Alisema sisi tulitafuta saa iliyoanguka. Yeye alitafuta mkono. Saa ya chuma yenye mkanda uliofungwa haidondoki mtu akiwa anatembea tu. Lazima kitu kiivute. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na fimbo, kwa hiyo wa kushoto ndio uliokuwa unashika miti. Kati ya lile jiwe la picha na pale tulipokunywa maji kuna miti michache tu ambayo wapandaji huishika, anaijua yote, ameiona ikikua. Iliyo upande wa kushoto ni mitatu. Hakuhitaji kutafuta njia nzima, alihitaji kwenda kwenye miti mitatu.

Na alikwenda asubuhi, yeye na askari mmoja, mapema kabla ya wageni. Mlima ule unapokea jua la kwanza uso kwa uso. Linapochomoza juu ya tambarare ya Kilombero, kwa muda mfupi linaingia msituni kwa ubavu, chini ya matawi, linapiga vigogo na mizizi kwa mlalo, na chochote cha chuma kinajibu. Sisi tulitafuta mwanga umeshakuwa juu ya majani, hautufikii.

Mti wa kwanza hakuna. Mti wa pili ni mche mwembamba ulioota ukingoni, nyuma yake mteremko unashuka ghafla. Mpandaji anaukumbatia kwa mkono wa kushoto, anazungusha kifundo nyuma yake na kujivuta. Saa yangu ilipovutwa pale, ncha ya pini iliyoliwa ikatoka tunduni, mkanda ukafunguka upande mmoja, na ikaniponyoka kwa upande wa nje, nyuma ya mti, ambako macho yangu hayakuwahi kufika kwa sababu yalikuwa yakitafuta hatua inayofuata. Haikugusa ardhi. Iliangukia kwenye mmea wa kutambaa wenye miiba, mkanda ukanasa, ikaning'inia kwenye kimo cha goti. Watu wote wale tuliinamia majani na yenyewe iko juu ya majani. Ndiyo sababu hakuna aliyesikia kitu kikianguka. Hilo pia alikuwa amelifikiria siku ileile, akasema, kwa maana saa ile ni nzito na njia pale ni mawe.

Akanitumia picha. Ilikuwa kiganjani mwake, ina doa la utomvu na mdudu mdogo mweusi pembeni mwa kioo. Imesimama. Mshale mfupi umepita kidogo tu namba 4, mrefu uko kwenye 2, na kidirishani pameandikwa MON. Jumatatu, saa kumi na dakika kumi.

Niliikodolea macho picha ile mpaka nikaelewa kinachosemwa. Uso wa saa hauonyeshi kama ni alfajiri au alasiri, lakini springi inajua. Kutoka saa kumi na dakika kumi alfajiri ya Jumatatu rudi nyuma saa 41, unaangukia Jumamosi, saa tano na dakika kumi asubuhi. Katikati ya zile picha mbili. Hakuna nyani aliyeichezea, hakuna mtu aliyeiokota akaitupa. Ingetikiswa ingeongeza muda. Ilinitoka mkononi pale na kubaki palepale, ikitembea. Jumamosi tulipopita chini yake kwa mstari, kimya, ilikuwa inatembea hatua moja kutoka kwenye magoti yetu. Jumapili tulipokuwa Mikumi inatembea. Nilipokuwa nakiri mbele ya mama inatembea, inahesabu, inabadilisha SAT kuwa SUN na SUN kuwa MON gizani kule bila mtu wa kuiangalia. Ilipochoka mimi nilikuwa nimelala fofofo, sitadanganya.

Nilitaka itumwe kwa basi. Makondakta wa Ifakara wanabeba kila kitu, kuanzia mchele mpaka kuku, na nimepokea vingi stendi ya Magufuli bila tatizo. Kaka akasema hapana. Saa ya baba haitasafiri ndani ya bahasha chini ya kiti cha dereva. Akaomba ruhusa kazini, akapanda basi yeye mwenyewe, mtu ambaye kumtoa nyumbani kwake Jumapili kuja kula pilau ni mazungumzo ya wiki nzima. Nilimpa pesa za kumkabidhi mzee. Nilikuwa nimejiandaa kwa zile adabu zetu, kukataa, kusukumiana, hapana baba hapana. Mzee alizipokea, akazihesabu mbele ya kaka, akasema asante, zitalipia ada ya mjukuu. Nilifurahi kuliko angezikataa.

Lakini kaka hakurudi siku aliyosema. Mzee alikuwa amempeleka kuuona ule mti. Akapanda hadi bwawani, akaoga kwenye maji yale, akapiga picha ya mche wenyewe kutoka pande zote kana kwamba kuna kesi mahakamani. Halafu wakateremka mpaka stesheni ya Mang'ula, wakakaa jukwaani wakazungumza habari za ndizi. Haya nimeyapata kwa mzee. Kaka mwenyewe alisema tu kwamba basi lilichelewa.

Alipofika kwangu aliitoa mfukoni, imefungwa kwa mpira wa kufungia noti kwa kuwa pini moja ilikuwa imebaki msituni. Ilikuwa inatembea. Safari nzima alikuwa ameishika mkononi, na kila alipoona imekaa kimya sana aliitikisa. Jirani yake kwenye basi alidhani ana ugonjwa. Fundi wa Kariakoo aliifungua, akakuta unyevu kidogo pembeni mwa kioo na hakuna kutu kwenye mashine. Akaisafisha, akaweka pini mpya pande zote mbili, za chuma kisichoshika kutu, akanilaumu kwa sauti ya chini kwa muda wote wa kazi. Mdudu nilimwacha hukohuko kwenye picha.

Sasa kuna jambo jipya. Mzee amemwambia kaka habari za kilele cha Mwanihana, safari ya siku tatu, unalala juu, na asubuhi unaiona reli yote ile bondeni ikiwa uzi. Kaka ameshaongea na mimi kuhusu mabegi, kuhusu mahema ya kukodi, kuhusu likizo ya Agosti. Na anataka kuivaa saa. Mimi nimekubali, zamu yake imefika, ila mkanda urudishiwe zile pingili zilizotolewa, nazo ziko kwenye kikopo fulani ambacho sote tunajua kipo na hatujui kipo wapi. Mama amesema twende tu, Mungu atutangulie, lakini saa ibaki Dar. Kaka anasema baba asingeificha. Mama anamjibu kwa sauti ya baba. Hapo ndipo tulipofikia, na Agosti si mbali.